Turbo Moja au Mbili? Gari la Mirathi Katika Nyumba Yetu



Sisi tunaoandika ni mjane na mabinti wake wawili. Asili yetu ni Mji wa Kale, Mombasa. Makazi yetu, kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, ni Bondeni, Nakuru, ambako marehemu mzee wetu alikuwa akiuza spea za magari. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, miongoni mwa alivyoviacha lilikuwamo gari aina ya Subaru Legacy la mwaka 2001, lenye turbo mbili, lililokuwa limesimama uani kwa miaka mitatu. Kijana wetu alitaka kulifufua. Likazuka swali lililotushughulisha miezi minne: gari hili lirudi barabarani na turbo zake mbili, au liwekewe moja?

Huenda msomaji akauliza, wanawake na turbo, wapi na wapi? Jawabu letu ni kwamba gari lilikuwa mali ya warithi wote, nasi ni warithi. Tena, gari hilo likitoka uani, sisi ndio tutakaoketi humo kwenda Naivasha, Nairobi na Mombasa. Anayeketi ndani ya gari ana haki ya kujua linavyosukumwa.

Tulianza na mirathi, kwa kuwa mtu hawezi kufungua injini ambayo si yake peke yake. Mjane ana thumuni, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, wa kiume akipata sawa na wawili wa kike. Kwa hesabu hiyo mali hugawika mafungu 32: mama 4, kijana 14, na kila binti 7. Gari lilivyokuwa, bovu na bila kutembea, lilithaminiwa na watu wawili wasiohusiana nasi kuwa shilingi 320,000, yaani shilingi 10,000 kwa kila fungu. Kijana akilitaka liwe lake, ilimpasa kutufidia shilingi 180,000. Alikubali papo hapo. Akiba yake yote ilikuwa shilingi 290,000, na katika akiba hiyo ndimo turbo ilimotakiwa kutoka.

Sasa tuseme turbo ni nini, kwa lugha ya jikoni. Kila aliyewahi kupika kwa seredani anajua kwamba mkaa ule ule huwaka zaidi ukipepewa. Moto hautaki mkaa peke yake, unataka hewa. Injini nayo ni hivyo hivyo: ukiipa hewa nyingi zaidi, inaweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu kubwa zaidi bila kuongezwa ukubwa. Turbo ni kipepeo cha injini, lakini kipepeo cha ajabu, kwani huzungushwa na moshi wa moto wenyewe. Moshi unaotoka hupita kwenye gurudumu dogo na kulizungusha zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nalo huzungusha gurudumu jingine linalosukuma hewa safi ndani. Aliyepata hati ya uvumbuzi huu ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905.

Ugumu uko katika ukubwa wa kipepeo. Kidogo huanza kuzunguka upesi, moshi ukiwa bado haba, lakini huishiwa pumzi injini inapokwenda kasi. Kikubwa hutoa hewa tele, ila huchelewa kuamka. Subaru walitaka wapate yote mawili. Mwaka 1993 wakaanza kuiwekea Legacy turbo mbili zinazopokezana zamu: ya kwanza hufanya kazi injini ikiwa taratibu, na ya pili hujiunga injini inapokaribia mizunguko 4,000 hadi 4,500 kwa dakika. Katika gari kama letu mpangilio huo ulitoa nguvu ya farasi 280 kutoka injini ya lita mbili.

Hata hivyo kupokezana si kazi nyepesi. Turbo ya pili haina budi kuamshwa kabla ya kupokea zamu, na katika kuamshwa huko moshi hugawanywa. Kwa muda mfupi nguvu hupungua, kisha hurudi kwa kishindo. Wenye magari haya wanalifahamu bonde hilo la nguvu. Isitoshe, zamu hiyo huongozwa na vali kadhaa na mipira mingi myembamba ya hewa. Mpira wenye umri wa miaka ishirini na zaidi hukauka na kupasuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa gari la marehemu: turbo ya pili ilikuwa nzima, lakini haikuwa ikiitwa kazini. Fundi alitueleza kwa maneno machache: “Mama, turbo mbili si mbaya. Taabu yake ni kwamba mpira mmoja ukivuja, kazi yote inalala, na kuutafuta huo mmoja ni shughuli ya siku nzima.”

Hapo likaja suala la mahali tunapoishi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kwa sababu hiyo tu. Ukielekea magharibi, ukapita Salgaa na Mau Summit hadi Timboroa, unapanda zaidi ya mita 2,700, na hewa inazidi kuwa nyepesi. Turbo hurudisha kile ambacho mwinuko umenyang’anya, ndiyo maana watu wa huku huzipenda. Lakini turbo yoyote huchelewa zaidi kuamka hewa ikiwa nyepesi, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo inavyochelewa.

Ni haki kukiri kwamba jambo hili lilikuwa hoja ya wanaotetea turbo mbili. Ile ndogo ya kwanza huamka mapema, nayo ni faida kwa anayeishi mwinukoni. Hoja iliyotupindua ni ya barabara. Watu wa pwani wanaokuja kututembelea wanaijua njia ya Nairobi kuelekea Nakuru na Eldoret: malori marefu yaliyosheheni, yakipanda kwa mwendo wa kutembea, na nyuma yake msururu wa magari yanayotafuta nafasi ya kupita. Majina ya Sachangwan, Salgaa na Migaa yamebaki katika vinywa vya watu kwa sababu ya misiba. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, watu zaidi ya 50 walipoteza maisha yao jioni moja, lori lilipowavamia waliokuwa kando ya barabara.

Basi fikiria dereva anayepita lori akipanda mlima. Amekwisha kutoka katika mstari wake. Anakanyaga mafuta, injini inafika mizunguko 4,000, na hapo hapo ndipo nguvu inapolegea kabla ya kurudi kwa nguvu mpya. Nukta hiyo moja ya kulegea, mtu akiwa upande usio wake, si jambo la kubishaniwa na mafundi peke yao. Ni jambo la kila mwenye mtoto ndani ya gari. Tuliona kwamba tunachohitaji ni nguvu inayopanda kwa mfululizo, ambayo dereva anaweza kuitabiri. Kiasi chake kilikuwa suala la pili.

Si wote waliokubaliana nasi. Ami yao watoto, nduguye marehemu aliyeko Mombasa, alipinga kwa simu na kwa uchungu. “Hivyo ndivyo alivyoliacha,” alisema. “Mkizitoa turbo zake, mtabaki na gari jingine.” Hatukumjibu kwa haraka, kwani maneno yake yalitoka katika mapenzi. Tulimweleza tu kwamba waliolitengeneza wenyewe hawakubaki hapo. Mwaka 2003 Subaru walipotoa Legacy mpya, waliacha turbo mbili na kuweka moja, iliyotengenezewa njia mbili za kupitishia moshi ili iamke mapema. Nduguye, Impreza WRX, amekuwa na turbo moja tangu alipotoka mwaka 1992. Toyota nao walifanya vivyo hivyo: injini ya 1JZ-GTE, inayojulikana sana na wapenzi wa Mark II na Chaser, ilianza na turbo mbili mwaka 1990, ikabaki na moja kuanzia 1996. Impreza iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997 ilikuwa na turbo moja, na magari yaliyopita Soysambu na Elmenteita tangu mashindano ya dunia yaliporejea Kenya mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, yana turbo moja kwenye injini ya lita 1.6.

Mifano hiyo ya mashindano ilimridhisha ami, lakini ilimtia kijana wetu tamaa nyingine. Kama ni moja, akasema, basi iwe kubwa. Fundi akatupa makadirio matatu. Kuzirudisha turbo mbili katika hali yake, kwa mipira na vali mpya, shilingi 190,000. Turbo moja ya wastani, pamoja na kubadili paipu za moshi, kuziba njia za ile ya pili na kupanga upya kompyuta ya injini, shilingi 160,000. Turbo moja kubwa, ambayo ingelazimu pistoni ngumu zaidi, klachi mpya na pampu kubwa ya mafuta, shilingi 420,000. Hilo la tatu halikuhitaji mjadala mrefu. Turbo kubwa kwenye injini ya lita mbili, katika hewa ya Nakuru, ingekaa kimya mjini kote na kuamka katika mwendo ambao barabara zetu haziruhusu. Kununua nguvu usiyoweza kuitumia kihalali ni kutupa mali, na mali iliyochumwa kwa jasho haistahili kutupwa.

Kijana alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alikuja na karatasi aliyoiandika mwenyewe, na mpangilio wake ndio tulioukubali. Kwanza, mafungu ya dada zake, shilingi 140,000, yalipwe kabla ya boliti moja kufunguliwa. Mdogo wao alikuwa akingoja karo ya chuo. Aliye mama kati yetu aliridhia kwa hiari yake kwamba shilingi 40,000 zake zingoje hadi gari litembee. Pili, breki zote nne na matairi yabadilishwe, shilingi 95,000, kwa kuwa gari linaloongezwa mwendo bila kuongezwa uwezo wa kusimama ni hatari kwa walio ndani na walio nje. Tatu, turbo moja ya wastani. Alikuwa amebakiwa na shilingi 55,000, zikipungua 105,000. Kwa akiba ya shilingi 15,000 kila mwezi, ni miezi saba.

Turbo zile mbili hazikuuzwa. Zimesafishwa, zikapakwa oili na kuwekwa katika sanduku la mbao pamoja na paipu na vali zake zote, kila kipande kikiwa na karatasi ya jina. Siku yoyote anayetaka kulirudisha gari kama lilivyokuwa ataweza. Ami alipoletewa picha ya sanduku hilo alisema, “Sasa sina neno.”

Limebaki jambo moja ambalo tunawausia hasa jamaa zetu wa pwani wenye vijana wanaofanya kazi bara. Gari lililopangwa Nakuru likishuka Mombasa hukuta hewa nzito na joto kali. Turbo ikiongeza msukumo ule ule, injini hupata hewa nyingi zaidi kuliko ilivyozoea, na mafuta yasipolingana nayo, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati wake na kugonga pistoni hadi zitoboke. Magari haya yalibuniwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo oktani yake hufika 100, nasi hatujazi petroli hiyo. Kwa hiyo tumemwambia fundi wetu, na kijana ameyaandika maneno hayo mbele yetu, kwamba kompyuta ipangwe kwa kuifikiria Mombasa, hata kama gari litaonekana pole kidogo likiwa Nakuru. Safari ya Idi ni zaidi ya kilomita 600, na tunataka kuimaliza.

Tunapoandika haya, mafungu ya mabinti yamelipwa, breki mpya zimefungwa, na gari liko juu ya magogo uani likingoja turbo yake. Imebaki miezi mitano. Kijana hulifunua turubai kila Jumapili, akalifuta vumbi, akalifunika tena. Wenye nyumba zenye vijana na magari ya namna hii, ulizeni mapema, tena ulizeni yote: ni mali ya nani, litasimama vipi, na nguvu yake inakuja wakati gani. Vijana wetu hawachoki kujibu maswali ya wanaojua wanachokiuliza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, wa mwambao na wa bara.