Maji ya Moto ya Gisenyi

Mwaka 2017 sisi walimu wawili tuliondoka Burungu pamoja na wanafunzi wetu, jogoo la kwanza halijawika. Lori lilishuka polepole kupita Kilolirwe hadi Sake, ambako ziwa Kivu lajitokeza ghafula. Kutoka Goma tuliingia Gisenyi kwa miguu, vibali mkononi. Maana miji hiyo miwili yatenganishwa na mpaka tu.

Gisenyi ulikuwa kituo cha Wajerumani, kabla Wabelgiji hawajautwaa mwaka 1916. Kusini yake, huko Nyamyumba, maji ya moto yabubujika kando ya ziwa. Watu huloweka miguu humo, na wenye maumivu ya viungo hupata nafuu. Tuliwaeleza wanafunzi asili yake: mvua huzama katika nyufa za ardhi, hupashwa moto na miamba ya chini, kisha hupanda tena.

Hapo tulimwona mmoja wao akijaza chupa. Alisema ni ya mdogo wake, aliyelala na homa siku ya tatu. Tulinyamaza kidogo, kisha tukamwambia kweli: maji haya hulegeza viungo, lakini hayaondoi malaria; tena, kufika Burungu yatakuwa yamepoa. Akalia.

Usiku ule tulipofika hatukwenda kulala, bali tulimbeba mtoto hadi kituo cha afya. Alipona. Chupa ile tuliiweka darasani, itukumbushe kwamba upendo usio na maarifa waweza kuchelewesha dawa.