Ghala la Nyumba Lataka Daftari

Ndugu msomaji, mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee waliusia hivyo kwa ajili ya mifugo na mavuno. Leo wosia huo waihusu pia diski ya kompyuta, kile kijisanduku kinachotunza picha, vyeti na sauti za jamaa zetu.

Hapa Nzuguni, katika mji ambao TANU iliuchagua mwaka 1973 uwe makao makuu ya nchi, wengi wetu tumehamia kutoka mbali, na kumbukumbu za huko tulikotoka zimo ndani ya diski. Nyumbani kwetu tuliona si haki ikae mezani kwa mtu mmoja, wengine wakiibembeleza kama moto wa kuazima. Tukaichomeka katika ruta yenye tundu la USB. Tangu hapo mama aliye jikoni na simu yake, na mwanafunzi aliye chumbani na kompyuta yake, wote huisoma. Wala bando halitumiki, kwa kuwa mafaili huzunguka ndani ya nyumba tu. Hata intaneti ikikatika, diski husomeka.

Lakini kushirikiana si kuacha milango wazi. Sharti la kwanza ni kila mmoja kujua mpaka wake. Ruta nyingi za namna hii hukubali diski iwekewe neno la siri, na baadhi humwezesha mwenye nyumba kuamua nani asome tu, na nani aweze kuandika na kufuta. Mtoto na atazame picha za bibi yake apendavyo, kuzifuta asiweze. Naye mgeni apewe mtandao wa wageni, si funguo za ghala.

La pili, diski ya nyumbani isifunguliwe kwa watu wa nje kupitia intaneti. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilizivamia kompyuta za nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, kwa kupitia kasoro katika njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana mafaili. Ikayafunga mafaili na kudai fidia. Basi njia hiyo ya zamani, yaani SMB toleo la kwanza, yafaa izimwe, na programu za ruta na kompyuta zihuishwe kila mara.

La tatu ndilo zito zaidi. Dada yangu alikuwa na diski iliyosomwa na nyumba nzima, hata kila mmoja akaamini kwamba picha za marehemu shemeji zimo kila mahali. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi, diski isiamke. Fundi alijitahidi, asifanikiwe. Picha zilizoonekana vyumba vyote zilikuwa zimekaa mahali pamoja tu. Pamoja nazo ilipotea sauti ya marehemu akimwita binti yake, na binti huyo alikuwa hajatimiza miaka 6.

Kuonekana kila chumba si kuwapo kila chumba. Hapana budi pawepo diski ya pili, ichomekwe siku ya kunakili tu, kisha itunzwe mbali na ya kwanza. Yetu yakaa kwa dada, Ipagala, na yake yakaa kwetu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunabadilishana, na katika daftari twaandika tarehe na jina la aliyenakili.

Ndugu msomaji, je, ya kwako ina pacha?