Usimwambie Mtoto Hana Sauti

Liko neno moja ambalo hutamkwa upesi sana majumbani na shuleni, nalo ni hili: "Mtoto huyu hana sauti ya kuimba." Hutamkwa kwa mzaha, watu wakacheka, na kwa wakubwa jambo likaisha. Kwa mtoto halikuisha. Yeye hulipokea neno lile kama jina, akalichukua mpaka uzeeni. Leo nataka kusema nanyi juu ya neno hilo, maana naona linatutia hasara ambayo hatuihesabu.

Mimi ni karani wa parokia hapa Tinde, pale barabara itokayo Nzega inapogawanyika, moja ikienda Shinyanga mjini na nyingine Isaka na Kahama. Kazi yangu ya kila siku ni vitabu: vya ubatizo, vya kipaimara, vya ndoa, vya maziko, na hesabu za zaka. Lakini kabla ya kukalia meza hii nilisoma chuo cha ualimu, na kwa hiyo mara mbili kwa juma nilipewa kuwafundisha muziki watoto wa shule ya msingi ya Kanisa. Wengi wao majina yao niliyaandika mimi mwenyewe kitabuni siku walipobatizwa.

Mwaka jana, katika kikao cha wazazi, baba mmoja alisimama akaniuliza mbele ya wote: "Karani, mwanangu ataajiriwa kwa kuimba? Vipindi hivyo vipewe Hisabati." Wengi wakampigia makofi. Sikumlaumu, wala simlaumu leo. Huyo ni mtu aliyeuza ng'ombe ili alipe ada, na mtu aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuuliza. Swali lake lilikuwa la haki, nalo lastahili jibu zuri kuliko lile nililoweza kulitoa pale kikaoni kwa dakika mbili.

Kwanza yafaa tujue kuwa kipindi cha muziki si mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya huchagua: huyu aje, yule abaki. Ana haki ya kuchagua, kwa sababu Jumapili haingoji. Mwalimu wa darasa hachagui. Je, ni nani aliyepata kumtoa mtoto nje ya kipindi cha Hisabati kwa sababu hajui kujumlisha? Ndiyo sababu yumo darasani. Hali kadhalika mtoto asiyeshika wimbo: huyo ndiye hasa niliyetumwa kwake.

Niwape mfano mmoja. Katika darasa la nne alikuwako kijana aliyehamia kwetu kutoka shule nyingine, mbali na hapa. Huko, siku ya kupokea wageni, aliambiwa afumbue kinywa tu pamoja na wenzake, lakini sauti asitoe, asije akaharibu wimbo. Akatii. Alitii vizuri mno, hata kwa miaka miwili hakuimba mahali popote, shuleni wala kanisani. Darasani kwangu alisimama nyuma kabisa, midomo ikienda bila sauti, wala wenzake hawakujua.

Jioni moja nilikuwa njiani kutoka kigangoni, nikasikia mtu akiita ng'ombe upande wa pili wa majaruba ya mpunga. Wito ule ulikuwa mrefu, nao ulirudi tena na tena pale pale, haupandi wala haushuki. Nilipokaribia nikaona ni yule kijana. Nikasema moyoni: mtu asiye na sikio hawezi kufanya hivi. Anayeweza kurudia sauti moja mara kumi bila kuikosa, huyo sikio analo.

Kipindi kilichofuata nilimwomba aite kama aitavyo ng'ombe. Watoto walicheka, nikawanyamazisha. Akaita. Nikaitafuta sauti yake, nikaona iko chini, chini sana ya pale tulipozoea kuanzia nyimbo zetu. Nikawaambia wenzake: "Leo sisi sote tutamfuata yeye." Tukaanza wimbo wa darasa pale pale alipokuwa. Basi, siku ile kijana alisikia kwa mara ya kwanza sauti yake na sauti za wenzake zikiwa kitu kimoja. Macho yake yalikuwa makubwa kama ya mtu aliyeitwa jina lake mahali pa ugenini.

Tangu hapo tulipandisha kidogo kidogo, ngazi moja kwa juma, pengine majuma mawili. Mwisho wa muhula alikwenda na wenzake kutoka do mpaka so bila kupotea. Do ya juu bado humshinda. Si mwimbaji hodari, wala sidai atakuwa hodari. Ni mtoto anayeimba, yatosha.

Jambo hili si muujiza. Kooni mwa kila mtu mna nyuzi mbili ndogo za sauti. Zikivutwa sauti hupanda, zikilegezwa hushuka. Za mtoto ni fupi, ndiyo maana sauti yake ni nyembamba. Sikio humwambia mtu wapi pa kwenda, na koo hujifunza kufika. Kazi ya kuviunganisha viwili hivi ni mazoezi tu, kama vile jicho na mkono vinavyojifunza kuandika herufi. Mtoto akiandika "b" kwa kuigeuza hatusemi hana mkono. Twamshika mkono, akaandika tena. Wako watu ambao kweli hawawezi kutofautisha sauti ya juu na ya chini, lakini ni wachache sana. Wengi wanaoitwa hivyo huimba kwa sauti ile ile ya kusemea, kwa sababu hapana mtu aliyewaonyesha njia ya kupanda.

Wala ufundi huu si mgeni katika Kanisa. Katika karne ya 11, huko Italia, alikuwako mtawa Guido wa Arezzo, aliyewafundisha wavulana kuimba. Zamani zile watoto walijifunza nyimbo kwa kumfuata mwalimu neno kwa neno, miaka na miaka. Guido aliutwaa wimbo wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao mistari yake huanza kila mmoja ngazi moja juu ya uliotangulia, akazitoa silabi za mwanzo zikawa majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, na sauti ya saba ikaongezwa. Alimwandikia mtawa mwenzake kuwa kwa njia hiyo wavulana waliweza kuimba wimbo wasioupata kuusikia, baada ya siku chache tu za kufunzwa.

Miaka mingi baadaye, katika karne ya 19, mwanamke mmoja wa Norwich, Uingereza, jina lake Sarah Glover, na baada yake mchungaji John Curwen, walizifanya silabi hizo ziandikwe kwa herufi tupu, ili hata maskini asiye na kinanda aweze kusoma wimbo. Hiyo ndiyo solfa waliyoileta wamisionari wa madhehebu mengi katika Afrika. Inataka ubao na chaki, basi. Wazee wengi waliosoma shule za misheni, kabla hazijawekwa chini ya serikali kwa sheria ya mwaka 1969, bado wanaijua. Kama babu yupo nyumbani, mwulizeni, pengine atawashangaza.

Na ule wimbo ambao watoto wetu huuimba kila asubuhi bendera ikipanda, je, mwajua chanzo chake? Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Alikuwa mwalimu wa watoto, mwenye kwaya ya shule, naye aliandika kwa solfa. Wimbo wa kipindi cha shule ukawa wimbo wa mataifa. Tanganyika iliupokea kwa maneno ya Kiswahili ilipopata uhuru mwaka 1961. Basi mtu asidhani kuwa yanayofanyika katika darasa la watoto ni madogo.

Hata hivyo haifai tuanze na do re mi na kuziacha nje nyimbo za kwetu. Sisi Wasukuma tuna utajiri mwingi. Nani asiyejua bugobogobo, ngoma ya jembe, inayowafanya vijana walime shamba zima bila kusikia uchovu? Nani hajasikia mashindano ya Wagika na Wagalu, ambapo ushindi ni wa yule aliyevuta watazamaji wengi? Pale Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliona kuwa mali hii isipotee, akaweka makumbusho ya Wasukuma, na ngoma za Bulabo huchezwa huko wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo.

Naye Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, aliandika kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, kikatoka mwaka 1963. Mwaka ule ule, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia, nayo inataka muziki wa mataifa upewe heshima yake, siyo kanisani tu bali na shuleni pia. Someni vizuri: na shuleni.

Kuna sababu nyingine ambayo mwalimu huijua kwa kazi. Kisukuma chetu hupanda na kushuka. Ukilipandisha neno mahali pa kushuka, mzee husikia neno jingine, au hasikii neno lolote. Kwa hiyo nyimbo za bibi zimefuata njia ya maneno yenyewe, na mtoto huzishika bila taabu. Ndiyo maana huwaambia watoto waje kila mmoja na wimbo mmoja wa nyumbani: wa kutwanga, wa kulima, wa kubembeleza mtoto. Nimeona mabubu wa darasani wakawa walimu siku hiyo. Tukisha kuuimba, twautafutia nota zake ubaoni. Hapo solfa huacha kuwa kitu cha kigeni; mtoto huona ni njia ya kuandika kile alicho nacho tayari.

Sasa nimjibu yule baba. Sitamdanganya kuwa kuimba kutampa mwanawe alama za mtihani. Ni kweli kwamba mtoto anayepiga makofi mapigo manne, kisha akayagawa nusu na robo, anazielewa sehemu kwa mikono yake kabla ya kuziona kitabuni. Lakini sijengi juu ya hayo. Najenga juu ya jambo jingine.

Kazi yangu hunifikisha makaburini mara nyingi, kwa ajili ya kitabu cha maziko. Huko nimewaona wanaume wazima wakisimama penye kaburi la mama zao. Jumuiya yote inaimba, na wao midomo imefungwa. Nikidhani ni uchungu, baadaye huniambia: "Karani, mimi sijui kuimba, niliambiwa tangu utoto." Mtu huyo anajua kuhesabu vizuri, ana mifugo, ana akiba. Lakini siku ile alipokuwa na jambo kubwa la kumwambia mama yake pamoja na ndugu zake, hakuwa na njia. Alinyang'anywa na mtu mmoja, kwa neno moja, darasani. Je, hasara hiyo tuiandike katika hesabu gani?

Basi wazazi wapenzi, nawaomba mambo manne.

La kwanza, msimcheke mtoto anapokosea sauti, wala msiwaache wakubwa zake wamcheke. Kama hamwezi kumsifu, nyamazeni tu.

La pili, imbeni nyumbani, hata wimbo mmoja baada ya sala ya jioni. Yule asiyeshika apewe kuanza, na ninyi mmfuate alipo. Redio na simu zizimwe kwa kitambo hicho. Vyombo hivyo huimba vizuri kuliko sisi, na hiyo ndiyo hatari yake, maana mtoto huzoea kusikiliza tu.

La tatu, msidai mtoto apaze sauti mpaka mishipa ya shingo itoke. Kelele huumiza koo. Na mvulana sauti yake inapoanza kuvunjika, akiwa na miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, asifukuzwe wala asilazimishwe; aimbe polepole, chini, mpaka itulie.

La nne ni la wasichana. Wakati wa palizi na wa kuvuna mpunga, wao ndio wa kwanza kukatazwa kuja. Najua kazi ni nyingi. Lakini saa moja ya Jumamosi haitaliharibu shamba.

Nasema Jumamosi kwa sababu kikao kiliamua hivi: kati ya vipindi viwili vya muziki, kimoja kipewe Hisabati. Nimekubali uamuzi huo kwa moyo mweupe, maana wazazi wana haki katika shule ya watoto wao. Kimebaki kimoja, dakika arobaini. Kwa kuwa hazitoshi, nitakuwapo kila Jumamosi saa tatu asubuhi nje ya ofisi ya parokia, pamoja na ubao mdogo na ngoma moja, kwa mtoto yeyote, wa shule ya Kanisa au ya serikali. Hapana ada wala kuchaguliwa. Na mzazi ambaye mwenyewe aliambiwa zamani kuwa hana sauti, naye akija pamoja na mtoto wake, tutamwanzishia pale alipo.