Kidonge cha kumnenepesha mtoto

Wifi yake alifika Jumamosi, akamtazama mtoto, akaguna. "Wifi, miezi mitano ndiyo hivi? Watu watasema humlishi." Dawa alikuwa nayo kwenye pochi: vidonge vidogo vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, vimenunuliwa kwa kuhesabu dukani. Mtaani kwao, alisema, wote wanawapa watoto. Nusu asubuhi, nusu usiku, unaponda.

Mama yule wa Mbagala, huyu akiwa mtoto wake wa kwanza, hakubisha. Nani anabishana na wifi mbele ya mume?

Jumapili usiku mtoto hakuamka kunyonya. Mwanzoni alifurahi, leo angalau atalala. Saa nane alipomgusa, mtoto alikuwa amelegea tepetepe. Alivuta pumzi, akanyamaza muda mrefu, akavuta tena.

Hospitali, nesi alimbana kifaa cha kupima oksijeni kwenye kidole cha mguu. Kikasoma 86. Mtoto mzima husoma 95 na kuendelea. Chini ya 90 anawekewa oksijeni, na ndivyo ilivyofanyika.

"Mama, umempa dawa yoyote?"

"Hapana." Wifi alikuwa amesimama nyuma yake.

Nesi aliuliza tena, jibu likawa lile lile. Akamtuma wifi nje akafungue faili, kisha akauliza mara ya tatu. Hapo ndipo fundo la kanga lilipofunguliwa na kile kipande cha gazeti kikatoka.

Vidonge vile ni siproheptadini, dawa ya mzio. Huziba milango ya kemikali mbili mwilini, histamini na serotonini. Serotonini ikizibwa, njaa huja, ndiyo maana wanaotaka kunenepa wanaitafuta sana, wakiwamo wasichana wanaotaka makalio. Lakini serotonini ina kazi nyingine kwenye shina la ubongo. Seli zake husaidia kupima hewa ukaa kwenye damu mtu akiwa amelala. Ikizidi, huushtua mwili uvute pumzi. Histamini nayo hutuweka macho. Ukiziba zote mbili kwa mtoto mdogo, usingizi unakuwa mzito na wa kumshtua hayupo.

Si kila dawa inayoziba serotonini iko hivyo. Ondansetroni, ile ya kuzuia kutapika, huziba mlango tofauti, na madaktari huwapa watoto kwa kipimo chao.

Karatasi ya maelezo ya siproheptadini inasema mtoto mchanga asipewe, usalama wake kwa walio chini ya miaka 2 haujathibitishwa, na ikizidi kwa mtoto mdogo inaweza kusimamisha pumzi na moyo. Sasa karatasi hiyo mama ataionea wapi, vidonge vikiuzwa kwenye gazeti?

Hakuna sindano ya kuifuta dawa hii. Walichofanya ni kumwacha kwenye oksijeni na kumwangalia, lakini sasa daktari alijua anasubiri nini kiishe mwilini, wala hakuhangaika kutafuta ugonjwa mwingine.

Saa tisa alasiri mtoto alilia kwa njaa. Wifi ndiye aliyemnyanyua, akampa mama yake bila neno. Nesi akaomba kadi ya kliniki, akaandika uzito: kilo 6.8. Mstari wake ulikuwa kwenye kijani tangu mwezi wa kwanza.