Katoni ilisema lita 100

Wamama wenzetu, tuseme ukweli juu ya ile akwariamu ya mgahawa wetu hapa Uvira. Tulitoa pesa ya likelemba kununua mashine ya kusafisha maji. Katoni ilisema lita 100, na akwariamu yetu ni lita 100. Tukaridhika. Samaki hatukuwahesabu: walikuwa 30, na watoto wa wateja waliwatupia mkate kutwa. Mavi na mabaki ya chakula huoza, hutoa amonia. Ni sumu isiyoonekana. Maji yetu yalibaki maangavu kabisa! Siku ya tisa tuliokota 11 wamekufa. Sasa tumeweka mashine ya lita 300, samaki ni 19, mkate tumekataza. Deni la likelemba bado tunalipa kila juma.