Kabla ya Masika

Kila Februari, upepo wa kaskazi ulipoanza kulegea, baba alikuwa akitoa ngazi uani na kuiegemeza kwenye ukuta wa nyumba yetu, Mji Mkongwe, Unguja. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Mama alianua nguo kambani, sisi watoto tukahamisha vyungu vya mirihani na asumini kutoka barazani, na kazi ikaanza juu kuja chini.

Kwanza bati. Baba alipanda na nyundo, akagonga kila msumari uliolegea. Kisha mfereji wa bati uliozunguka ukingo wa paa. Aliuchota kwa mikono: majani, manyoya ya njiwa, mchanga. Akimaliza humwaga ndoo ya maji upande mmoja na kumpigia kelele aliye chini: "Yanatoka?" Maji yakichuruzika kwenye mlizamu tulijibu "Yanatoka!" kwa furaha, kana kwamba tumeyatoa sisi.

Baada ya hapo alikagua kuta. Miche iliyojiotea kwenye nyufa aliing'oa na mizizi yake. "Huu ukifika majani manne si mche tena," alikuwa akisema, "ni mpangaji."

Mwisho kabisa ilikuwa chokaa. Ilikuwa imelowekwa kwenye pipa kwa wiki kadhaa, na kazi yetu ilikuwa kuikoroga bila kujirushia machoni. Ukipaka, ukuta unaonekana wa kijivu, kama umeupaka maji matupu. Weupe unakuja kesho yake, chokaa ikishakauka. Nilidhani tunaipamba nyumba kwa ajili ya Sikukuu.

Baba alifariki mwaka 2017. Nyumba ikawa yetu sote, watoto sita na mama. Kwa hesabu ya mirathi fungu la mama ni thumuni, naye alilifanya mzaha: "Nyinyi mna nyumba, mimi nina thumuni yangu." Lakini mwenye thumuni ndiye aliyebaki humo, pamoja na mdogo wangu wa kiume. Kaka mkubwa yuko Maskati. Sisi wengine tuko Dar es Salaam, tukirudi Sikukuu na misibani. Kila mmoja alimpenda mama, na kila mmoja aliamini kuna mwenzake anayeangalia nyumba. Februari ya 2018 ngazi haikutoka uani.

Mwaka 2019 nilikwenda likizo ya siku tano. Ukuta wa upande wa kichochoroni ulikuwa umebanduka vipande vikubwa, mawe yanaonekana. Niliona haya. Nilimwita fundi kijana aliyekuwa akijenga mtaa wa pili, akaugonga ukuta kwa kidole, akaniambia: "Dada, chokaa itakula wiki tatu, na mwakani utarudia. Nikikupigia lipu ya saruji, umemaliza."

Umemaliza. Nilikuwa na siku tano, na neno hilo lilinipendeza kuliko bei yenyewe.

Lipu ikapigwa, juu yake rangi ya mafuta nyeupe. Nilituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Kaka wa Maskati akaandika kwamba ningezaliwa mwanamume ningekuwa mkandarasi. Nilirudi Dar nimejisikia mtoto mwema.

Tarehe 25 Desemba 2020 mama alinipigia simu. "Limeanguka," akasema. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa imeporomoka mchana huo, na watu walipoteza maisha. Kwa mtu wa Unguja ni kama kuambiwa kwamba sehemu ya pwani imeondoka. Tulizungumza hivyo kwa muda, kisha mama akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua: "Na huku chumbani kwangu kuna ramani ukutani. Inakua."

Nilimwambia ni jasho la ukuta tu. Ukuta ule tuliutengeneza.

Aprili iliyofuata ilikuwa Ramadhani, na masika yalikuwa yamepamba moto. Usiku mmoja mama aliamka kupasha moto daku. Akiwa jikoni alisikia kishindo. Pale kwenye ramani ukuta ulikuwa umeachia, lipu ya ndani na mawe mawili. Mdogo wangu alinitumia picha. Jiwe moja lilikuwa juu ya mto wa kulalia.

Nilipanda boti ya asubuhi. Safari hii tulimtafuta fundi mzee, ambaye baba alikuwa akimwita kila jambo lilipomshinda. Nilidhani atakwenda moja kwa moja chumbani. Aliomba ngazi.

Alipanda taratibu, akaangalia mfereji, akaomba ndoo ya maji. Akamwaga. Kisha akauliza kutoka juu: "Yanatoka?"

Hakuna aliyemjibu. Mlizamu ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa yakishuka nyuma ya mfereji, yakiingia kwenye ukuta palepale juu ya chumba cha mama. Kiota cha njiwa kilikuwa kimeziba kitundu cha kutokea maji, labda tangu mwaka ule wa kwanza ambao hakuna aliyepanda. Mimi nilikuwa nimelipia saruji mita nne chini ya tatizo lenyewe.

Fundi mzee alibandua kipande cha lipu yangu kwa patasi, akakigeuza, akanipa nikishike. Mbele kilikuwa kikavu na cheupe. Nyuma kilikuwa kimelowa, na kina unga mweupe wa chumvi.

"Ukuta huu ni mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa," alinieleza. "Maji yataingia tu, yawe ya mvua au ya ardhini. Chokaa inayaruhusu kutoka, jua likipiga yanapotea. Saruji haiyaruhusu. Wewe umeufunga mdomo, mwanangu, ukatapikia ndani."

Hakunisuta. Ndiyo maana nililia, nikasingizia vumbi.

Jioni ile niliituma picha ya jiwe juu ya mto kwenye kundi letu. Hapakuwa na jibu kwa muda wa saa nzima, jambo ambalo katika familia yetu ni ajabu. Halafu dada yangu akaandika: "Nilijua juu ya ile ramani." Mwingine naye akakiri. Sote tulikuwa tumeambiwa, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alikuwa amempa mama jibu la kumtuliza.

Mfereji tuliuzibua siku ileile. Kwa ukuta, fundi alikataa kuanza kabla mvua hazijaisha na mawe kukauka, kwa hiyo mama alihamia chumba cha mbele hadi Julai. Saruji yote ilibanduliwa, mawe yakarudishwa kwa udongo na chokaa, na boriti moja ya mkoko iliyokuwa imeoza kichwani ikabadilishwa. Gharama ilikuwa zaidi ya mara nane ya kazi yangu ya siku tano. Tuliigawana kwa mafungu ya mirathi, isipokuwa mama, ambaye tulimsamehe thumuni yake. Akakasirika, akaitoa.

Sasa kila mmoja anatuma kidogo kila mwezi, na likizo yangu ya mwaka naichukua Februari. Mara ya kwanza nilipopanda ngazi, jirani wa kike alinionya kwamba kazi hiyo ina wenyewe. Mama alimjibu kutoka barazani kwamba mwenyewe ndiye huyo aliye juu. Yeye hukaa hapo na kunielekeza kwa bakora: msumari ule, ufa ule, mche ule. Namshuku kwamba miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa akimwongoza baba.

Mwaka huu mpwa wangu wa miaka saba alikaa chini ya mlizamu na kopo lake. Nilipouliza, alijibu kabla maji hayajafika, ikabidi nimwambie asubiri ayaone kwanza.

Tulimaliza kupaka saa kumi na moja jioni. Nilituma picha, na kaka akaandika kutoka Maskati: mbona ukuta ni wa kijivu, chokaa hiyo nzima kweli? Nikamwambia asubiri kesho.