Mapambo ya Ekaristi na Njaa ya Mbuzi



Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, inapoadhimishwa Dominika, huangukia kati ya tarehe 24 Mei na 27 Juni. Papa Urbano IV aliieneza kwa Kanisa zima mwaka 1264 bila kufikiria kalenda ya wakulima wa Mbozi, lakini kwetu mkoani Songwe siku hiyo hutukuta katika majira ya mavuno. Ndiyo maana njia ya maandamano tunaipamba kwa mazao yetu. Migomba husimikwa pande zote mbili za njia, mahindi hufungwa kwenye matao, na mbele ya altare ya njiani tunachora msalaba kwa maharage na maua.

Uzuri huo una walaji wengi. Mbuzi huanza na majani ya migomba, kuku huudonoa msalaba punje kwa punje, panya hufanya kazi usiku, na penye vichaka tumbili hushuka alfajiri. Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Shida ni kwamba shamba likishavunwa, mbuzi wengi hufunguliwa kamba.

Mwaka jana, sisi mafrateri tuliokuwa likizo tulikabidhiwa matao ya kigango kimoja wilayani Mbozi. Kijana mmoja alikumbusha kwamba wakulima hupaka miche maji ya kinyesi cha mbuzi, kwa kuwa mbuzi hapendi jani lenye harufu hiyo. Ni dawa nzuri ya shambani, lakini nani angeipaka kwenye tao ambalo Ekaristi Takatifu itapita? Tulicheka. Wazo lililofuata halikuchekesha: tunyunyize sumu kwenye mahindi usiku wa Jumamosi, mlaji wa kwanza awe fundisho kwa wengine.

Mama mmoja wa WAWATA akauliza taratibu, "Wanangu mafrateri, haya mahindi Jumatatu yanakwenda kwa nani?"

Yalikuwa yaende kwa wazee wasioweza kulima tena na kwa wagonjwa. Na kabla ya Jumatatu kuna watoto, ambao hawawezi kupita chini ya tao la mahindi bila kupukuchua punje mbili tatu.

Darasani Aristotle anatufundisha kuuliza kila kitu kipo kwa ajili ya nini. Hindi ni chakula kwanza, kisha pambo. Tukilitia sumu ili lipendeze mpaka asubuhi, tumelinda rangi yake na kuua kazi yake. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinaagiza mganda uliosahauliwa shambani uachwe kwa mgeni, yatima na mjane, na kinakataza kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka. Sheria hiyo inajua kwamba penye mavuno kuna njaa pia, ya watu na ya wanyama.

Basi tukapanga hivi. Mapambo ya kuliwa hayakulala nje: mahindi na maharage yalihifadhiwa ndani, yakatolewa asubuhi na mapema. Mahindi tuliyatundika kwenye waya, juu kuliko mbuzi anavyoweza kufika akisimama kwa miguu miwili. Katekista alizunguka jumuiya ndogondogo akiwaomba wenye mifugo waifunge tangu Jumamosi jioni. Vijana walilinda migomba kwa zamu, wakiwa na fimbo na tochi.

Hata hivyo, mbuzi wawili waliwahi tao la mwisho wakati wa kubadilishana zamu, wakabakiza mashina. Maandamano yalipita hapo hapo, na hakuna aliyepungukiwa na baraka.

Wenzetu wa Tunduma, Vwawa na kwingineko mnaojiandaa kwa sherehe hii, fungeni mifugo, amkeni mapema, tundikeni juu. Sumu iacheni mbali na matao. Jumatatu ile mahindi yetu yalifika kwa wazee, yakapikwa kande.